Sauti, Ubongo na Lugha: Wajibu wa Wanaisimu katika Uchunguzi wa Hatari ya Saikosisi Jijini Nairobi

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kudhaniwa kuwa ni la madaktari peke yao, nalo ni namna ubongo wa binadamu unavyoshughulikia sauti, na namna kazi hiyo inavyoanza kulegea kwa baadhi ya vijana walio katika hatari ya kupatwa na saikosisi. Kwa neno saikosisi tunakusudia hali ya mtu kupotewa na mpaka uliopo baina ya yaliyomo akilini mwake na yaliyo nje yake, akawa anasikia maneno yasiyosemwa na yeyote, au akashikilia imani isiyotikisika hata mbele ya ushahidi ulio wazi. Saikosisi si ugonjwa mmoja. Skizofrenia ndiyo iliyo maarufu zaidi miongoni mwa maradhi yanayoileta, lakini huweza kutokana pia na maradhi ya hisia, na vileo, au na maradhi mengine ya mwili.

Msomaji wa jarida la lugha ana haki ya kuuliza haya yanamhusu nini. Jibu letu ni kwamba njia zote mbili zinazotumiwa kumtambua kijana aliye hatarini, yaani kipimo cha mawimbi ya ubongo na hojaji, hupitia katika mlango wa lugha. Kipimo hupima ubongo ambao tayari umefunzwa kusikia na lugha ya kwanza ya mwenyewe. Hojaji nayo hupima jibu la swali lililotungwa kwa maneno. Ikiwa mlango huo hautachunguzwa na wanaoujua, kijana wa Kangemi au Kawangware aweza kuhesabiwa mgonjwa ilhali ni mzima wa akili, au akahesabiwa mzima ilhali anahitaji msaada wa haraka. Makosa yote mawili yana gharama kubwa, na mwenye kuilipa si mtafiti.

Tutaanza kwa kueleza safari ya sauti hadi ubongoni, kisha kemikali zinazohusika, kisha hali ya hao wasemwao kuwa wamo hatarini. Baadaye tutaonyesha mahali lugha inapoingia, na mwishoni tutataja yale ambayo idara za lugha hazina budi kuyafanya.

2. Safari ya sauti

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo ukifika sikioni hukitikisa kiwambo, nacho hutikisa mifupa mitatu midogo, na mifupa hiyo hutikisa maji yaliyomo katika kiungo kilichojizungusha mfano wa kombe la konokono. Humo zimo seli zenye vinyweleo, na kazi yake ni kuugeuza mtikisiko kuwa umeme. Kutoka hapo habari husafiri kwa neva hadi shina la ubongo, hupitia kituo kiitwacho thalamasi, na hatimaye hufika katika gamba la ubongo, upande wa panja.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kudhani kwamba ubongo hukaa kimya ukingojea habari, kama karani angojeaye barua. Ubongo hubashiri. Hebu tumfikirie abiria aliyepanda matatu katikati ya jiji, akishika barabara ya Waiyaki kuelekea Westlands na Kangemi. Injini inavuma, redio inaimba, utingo anaita abiria, naye msafiri wetu amezama katika gazeti lake wala hasikilizi lolote kati ya hayo. Injini ikibadilisha mvumo wake ghafula, mara huinua kichwa. Hakuwa akiisikiliza injini, lakini ubongo wake ulikuwa umekwisha kuiwekea kanuni: mvumo ujao utakuwa kama uliopita. Kanuni ilipovunjwa, habari ya kuvunjwa kwake ilipanda hadi kwenye fahamu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kusikia ni kulinganisha yaliyokuja na yaliyotarajiwa.

Wanaisimu hawatashangazwa na maelezo haya. Msikilizaji wa Kiswahili akisikia mtu akisema watoto wa-, tayari amekwisha kutarajia kitenzi. Akisikia kisu ki-, hangojei upatanisho wa ngeli nyingine. Lugha yenyewe ni mtandao wa matarajio, na sikio la mzawa ni sikio lenye kubashiri.

3. Wimbi la tofauti

Mwaka 1978 mwanasaikolojia wa Finland, Risto Näätänen, pamoja na wenzake, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kulinganisha huko kwaweza kupimwa. Mtu huvishwa vipokea-umeme kichwani na kusikilizishwa mlio mmoja unaorudiwarudiwa. Mara chache, bila utaratibu, mlio huo hubadilishwa: huwa mrefu kidogo, au wa juu kidogo. Kila mabadiliko yanapotokea, baada ya muda wa kati ya sehemu 100 na 250 za elfu za sekunde, umeme wa ubongo huonyesha mshuko mdogo ambao hauonekani kwa milio ya kawaida. Katika makala haya tutauita mshuko huo wimbi la tofauti.

Lililo la ajabu ni kwamba wimbi hili halihitaji mtu asikilize. Hutokea anaposoma kitabu au kutazama filamu isiyo na sauti. Hata kwa vitoto vichanga vilivyolala, ubongo huitikia mabadiliko ya sauti. Kwa sababu hiyo madaktari walikiona kipimo hiki kuwa chenye faida kubwa: hakimtaki mgonjwa ajieleze, wala afanye bidii, wala ajue kusoma. Kuanzia mwaka 1991 tafiti zilianza kuonyesha kwamba wimbi la tofauti ni dogo kwa watu wenye skizofrenia kuliko kwa watu wengine, na matokeo hayo yamerudiwa mara nyingi katika nchi mbalimbali. Ni kana kwamba ubongo wao umechoka kuweka kanuni, au unaiweka lakini hauiamini.

4. Kemikali mbili

Seli za neva huzungumza kwa kemikali. Seli moja humwaga kemikali katika upenyo mdogo ulio baina yake na jirani yake, na jirani huipokea kwa vipokezi maalumu. Kemikali zilizo muhimu kwa mada yetu ni mbili: glutamati na dopamini.

Glutamati ndiyo kemikali kuu ya kuziamsha seli. Miongoni mwa vipokezi vyake kuna aina iitwayo NMDA, ambayo twaweza kuifananisha na lango lenye sharti mbili. Lango hilo halifunguki kwa kufika glutamati peke yake; sharti pia seli inayopokea iwe imekwisha kuamshwa. Kwa tabia hiyo, vipokezi hivi hutambua mambo yaliyotokea pamoja, na hivyo huusaidia ubongo kujifunza kwamba hili hufuatana na lile. Bila shaka hapo ndipo ilipo asili ya kubashiri. Mwaka 1996 Daniel Javitt na wenzake walionyesha kwamba nyani wanapopewa dawa za kuvifunga vipokezi vya NMDA, wimbi la tofauti hufifia, ingawa sikio bado linapokea milio. Mwaka 2000 matokeo yaliyofanana na hayo yalichapishwa kuhusu binadamu wenye afya waliopewa ketamini. Ketamini ni dawa ya usingizi ijulikanayo sana katika vyumba vya upasuaji vya Afrika Mashariki. Kwa kipimo kidogo huweza kumletea mtu mzima, kwa muda mfupi, hali inayofanana na saikosisi.

Dopamini ni kemikali ya namna nyingine. Umaarufu wake katika elimu ya maradhi ya akili ulitokana na dawa. Mwaka 1952 huko Paris, Jean Delay na Pierre Deniker walianza kuwatibu wagonjwa kwa klopromazini, na baadaye ikagunduliwa kwamba dawa za aina hiyo huvizuia vipokezi vya dopamini. Arvid Carlsson wa Sweden, aliyefungua njia ya elimu hiyo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Leo wataalamu wengi huiona dopamini kuwa ni kemikali ya kutia alama: huuambia ubongo kwamba jambo hili lina maana, lisipuuzwe. Shitij Kapur alieleza mwaka 2003 kwamba dopamini inapozidi, alama hiyo hubandikwa ovyo. Honi ya gari, kikohozi cha jirani, neno lililookotwa kutoka redio ya kinyozi, vyote huanza kuonekana kuwa ujumbe unaomhusu mwenyewe.

Mfano wa karibu ni miraa, ambayo hulimwa Meru na Embu na kuuzwa katika mitaa mingi ya Nairobi. Miraa ina kemikali iitwayo kathinoni, ambayo jamaa yake wa karibu ni amfetamini, na ambayo husababisha dopamini kumwagwa kwa wingi. Si kila mla miraa hupatwa na saikosisi, wala haifai kusema hivyo. Lakini matumizi mengi yamehusishwa na dalili zake, na mwaka 2019 Linnet Ongeri na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya jambo hilo uliofanywa katika nyumba za wakazi wa maeneo yanayolima miraa nchini Kenya.

Tukiunganisha hizo mbili, tunapata nadharia ifuatayo. Kazi ya glutamati ikilegea, ubongo haubashiri vizuri, na yaliyozoeleka huonekana kuwa mapya. Dopamini ikizidi, yaliyo mapya huonekana kuwa na maana kubwa. Ubongo nao haupendi kukaa na jambo lenye maana lisilo na maelezo. Kwa hiyo hutunga maelezo. Pengine hata usemi wa ndani, yaani maneno ambayo kila mmoja wetu hujisemea kimoyomoyo, hukosa alama ya kuwa ni mali ya mwenyewe, akayasikia kana kwamba yametamkwa na mwingine. Hii ni nadharia, na haijakamilika. Lakini ndiyo inayoongoza utafiti mwingi hivi sasa.

5. Nani aliye hatarini?

Katika miaka ya 1990, huko Melbourne, Patrick McGorry, Alison Yung na wenzao waliweka masharti ya kuwatambua vijana ambao hawajapatwa na saikosisi lakini wameanza kuonyesha dalili hafifu: tuhuma zisizo na msingi, sauti za kupita, kushuka kwa masomo au kazi. Nia ilikuwa njema, nayo ni kumfikia kijana kabla mambo hayajaharibika, kwa kuwa kadiri saikosisi inavyokaa bila tiba ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

Vipimo vya kemikali vimewahusu vijana hawa pia. Mwaka 2009 Oliver Howes na wenzake mjini London walichapisha picha za ubongo zilizoonyesha kwamba utengenezaji wa dopamini ulikuwa umezidi kwa watu walio hatarini, kabla ya ugonjwa wenyewe kujitokeza. Mwaka 2011 watafiti wa Ujerumani, akiwamo Mitja Bodatsch, walionyesha kwamba miongoni mwa watu walio hatarini, waliokuja kuugua baadaye walikuwa na wimbi dogo la tofauti kuliko wasiougua, hasa pale mlio ulipobadilishwa urefu wake. Msomaji aliweke akilini neno hilo urefu, maana tutalirudia.

Hata hivyo yafaa pia kusisitizwa kwamba kuwa hatarini si kuwa mgonjwa. Kati ya wanaotimiza masharti hayo katika zahanati maalumu, takriban robo tu ndio huugua katika muda wa miaka mitatu. Waliobaki hawaugui saikosisi, ijapokuwa wengi wao wana huzuni au wasiwasi unaohitaji msaada. Kwa hiyo anayembandika kijana jina la ugonjwa kabla ya wakati humpa mzigo ambao huenda asingalikuwa nao kamwe. Na mitaani kwetu, jina likishakushika, kulivua ni kazi.

Kenya haikubaki nyuma katika uchunguzi huu. Mwaka 2012 kundi la watafiti lililowahusisha Daniel Mamah wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis na David Ndetei wa Chuo Kikuu cha Nairobi lilichapisha uchunguzi kuhusu dalili za hatari ya saikosisi nchini Kenya, na kazi hiyo iliendelezwa katika miaka iliyofuata kwa kuwafuatilia vijana wa shule. Chombo kikuu cha kazi za namna hii ni hojaji. Hapo ndipo tunapoingia katika uwanja wetu.

6. Lugha ya kwanza ndani ya kipimo

Kabla ya kuigeukia hojaji, tutazame kwanza kile kipimo kisemwacho kuwa hakihitaji maneno. Mwaka 1997 Näätänen na wenzake walichapisha jaribio ambalo kila mwalimu wa fonolojia angefaa kulijua. Waliwasikilizisha Wafini na Waestonia irabu mbalimbali. Lugha hizo ni za ukoo mmoja, lakini Kiestonia kina irabu moja ambayo Kifini hakina. Irabu hiyo iliposikika, wimbi la tofauti lilikuwa kubwa kwa Waestonia na dogo kwa Wafini, ingawa kwa kipimo cha fizikia sauti ilikuwa ile ile. Maana yake ni kwamba fonimu si dhana ya vitabuni tu. Imejengwa ndani ya ubongo, na wimbi la tofauti huisoma.

Jambo hili halikomei kwenye irabu za maneno. Mwaka 2006 Mari Tervaniemi na wenzake waliwalinganisha Wafini na Wajerumani kwa milio isiyo ya lugha kabisa. Kifini ni lugha ambayo urefu wa sauti hubeba maana kwa kiasi kikubwa sana, na ilionekana kwamba ubongo wa Wafini uliitikia mabadiliko ya urefu wa mlio kwa nguvu zaidi kuliko ubongo wa Wajerumani. Lugha ya kwanza, basi, hunoa sikio hata kwa milio isiyo na maneno.

Sasa tuje Nairobi. Kikuyu na Kikamba zina irabu saba, na irabu fupi hutofautishwa na ndefu. Lugha kadhaa za Kiluhya, Kibukusu ikiwa mojawapo, zina irabu tano, lakini nazo hutofautisha urefu. Kiluo kina mfumo mwingine kabisa wa irabu, ambamo mkao wa shina la ulimi ndio ugawao irabu makundi mawili, na juu ya hayo kina toni. Kiswahili kina irabu tano, hakina toni, na suala la urefu ndani yake lina mjadala. Tunayo maneno kama kufa na kufaa, lakini wanaisimu wengi huziona hizo aa kuwa ni silabi mbili wala si irabu moja ndefu, kwa kuwa shadda hubadili mahali pake: katika kufa huangukia ku-, katika kufaa huangukia -fa-. Kwa hiyo asikiaye Kiswahili hatofautishi urefu peke yake. Husaidiwa na hesabu ya silabi na mahali pa shadda.

Tukumbuke sasa kwamba mabadiliko ya urefu wa mlio ndiyo yaliyoonekana kuwa hodari zaidi katika kumtambua aliye hatarini. Kijana aliyekua na Kikuyu na kijana aliyekua na Kiswahili cha mjini waweza kuwa na mawimbi yenye ukubwa tofauti, wote wakiwa wazima. Mtafiti asiyelijua jambo hilo ataweza kulisoma tofauti ya fonolojia kana kwamba ni tofauti ya glutamati.

Wala haitoshi kuandika kabila la kijana katika fomu. Katika mitaa ya magharibi mwa jiji, Kangemi, Kawangware na Dagoretti, mtoto mwenye jina la Kiluhya huenda amekua akisema Kiswahili cha Nairobi au Sheng na wenzake tangu alipoanza kutembea, na lugha ya wazazi wake anaisikia wakati wa likizo tu. Mwingine wa jina hilo hilo alihamia mjini akiwa na miaka kumi na minne. Kwa jina ni ndugu. Kwa sikio ni watu wawili tofauti. Maswali ya lazima ni lugha gani aliisikia kwanza, kutoka kwa nani, na kwa muda gani. Kuyatunga maswali hayo ni kazi ya mwanaisimu-jamii.

7. Lugha ya hojaji

Tuje kwenye maneno yenyewe. Hojaji nyingi za saikosisi zilitungwa kwa Kiingereza, na swali lake la kawaida huuliza kama mtu amewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Tukilitafsiri hivi hivi kwa Kiswahili, tunakutana na vikwazo visivyopungua vitatu.

(a) Sauti. Katika Kiswahili neno hili hubeba sauti ya mtu na pia sauti ya kitu chochote: sauti ya mlango, ya ngoma, ya maji. Tunayo maneno mahususi kama mlio, mvumo, mshindo na kelele, lakini hayalizuii neno sauti kuyafunika yote. Kijana mwenye masikio makali, anayesikia mvumo wa transfoma usiku wakati wenzake wamelala, atajibu ndiyo kwa haki kabisa.

(b) Kusikia. Kitenzi hiki hakikomei masikioni. Twasikia njaa, twasikia baridi, twasikia harufu, twasikia usingizi. Katika lugha jirani mambo ni yayo hayo: -igua ya Kikuyu na winjo ya Kiluo hubeba kusikia na kuhisi pamoja. Aliyeulizwa kama husikia kitu asichokisikia mwingine aweza kuwa anaulizwa, kwa masikio yake, kama ana hisia zake mwenyewe. Na nani asiye nazo?

(c) Kusemwa. Swali la pili la kawaida huuliza kama mtu anadhani wengine wanamsema. Lakini kusemwa, kwa Kiswahili, ni jambo la kila siku: ni kutetwa, kulaumiwa, kupitishwa katika vinywa vya majirani. Katika nyumba za vyumba vilivyopangana ukuta kwa ukuta, mwenye kujibu kwamba hasemwi ndiye wa kushangaza. Tuhuma ya mgonjwa ni ya namna nyingine: kwamba wasiomjua wanamsema, au kwamba mtangazaji wa redio anamkusudia yeye.

Uzito wa vikwazo hivi huonekana katika takwimu. Mwaka 2012 Rachel Jenkins na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa katika eneo la Nyanza, na walikuta kwamba asilimia 8 ya watu wazima walikubali kuwa na dalili moja ya saikosisi. Lakini waliokuwa na dalili mbili walikuwa asilimia 0.6 tu, na hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa na tatu au zaidi. Pengo hilo laonyesha jinsi jibu la ndiyo kwa swali moja lisivyotosha kuwa ushahidi. Sehemu ya majibu hayo ni dalili hasa, sehemu ni mambo ya kawaida ya maisha, na sehemu yaweza kuwa zao la swali lenyewe. Hata ulimwenguni kwa jumla, uchunguzi wa mwaka 2015 wa John McGrath na wenzake, uliowahusu watu 31,261 katika nchi 18, ulikuta kwamba asilimia 5.8 waliwahi kupatwa na jambo la namna hii angalau mara moja maishani, na wengi wao hawakuwa wagonjwa.

Juu ya hayo, maana ya sauti hutegemea jamii. Mwaka 2015 Tanya Luhrmann na wenzake walichapisha mazungumzo yao na watu wenye saikosisi huko San Mateo katika jimbo la California, Accra na Chennai, 20 kila mahali. Wamarekani wengi walisimulia sauti kali zenye vitisho. Wa Chennai walisimulia zaidi sauti za jamaa zikiwaonya na kuwashauri. Wa Accra walisimulia zaidi sauti ya Mungu. Katika Nairobi, ambako Jumapili maelfu ya waumini hushuhudia kwamba Mungu amesema nao, swali lisilotofautisha ushuhuda na dalili litakuwa limeupima uchaji badala ya ugonjwa.

Swali lililo bora kidogo lingekuwa mfano wa hili: Je, umewahi kusikia kwa masikio yako maneno ya mtu akisema nawe au akikusimulia, ilhali hapakuwa na mtu karibu, wala redio, wala simu, nawe ulikuwa macho? Swali hilo ni refu, lakini kila kishazi chake kinafunga mlango mmoja wa kutoelewana: maneno badala ya sauti, kwa masikio badala ya hisia, macho badala ya ndoto. Na baada yake sharti lifuate jingine: lilikusumbua? Lilikuzuia kufanya kazi au kusoma?

Jina la hali yenyewe nalo linataka uangalifu. Wazimu ni neno ambalo aghalabu huhusishwa na mzimu, yaani roho ya mfu, na mwendawazimu hubeba hukumu pamoja na maelezo. Kichaa ni tusi la mtaani. Daktari anayemwambia mzazi kwamba mwanawe ana hatari ya wazimu amekwisha kumfukuza asirudi tena.

8. Funzo kutoka historia ya Nairobi

Yako matukio katika historia ya jiji hili yanayoonyesha inavyokuwa ubongo unapochunguzwa bila lugha kuchunguzwa. Hospitali ya Mathari, iliyo upande wa kaskazini-mashariki mwa jiji, ilianza kuwapokea wagonjwa wa akili mwaka 1910. Kuanzia 1938 hadi 1950 ilisimamiwa na J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na ugonjwa, ambamo alidai kwamba Mwafrika haitumii vya kutosha sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mwaka 1959 aliongeza katika makala nyingine kwamba Waafrika wa mashambani huishi katika ulimwengu wa sauti, ilhali Wazungu huishi katika ulimwengu wa macho na maandishi. Marshall McLuhan aliyachukua maneno hayo katika kitabu chake cha mwaka 1962, na kutoka hapo yakaenea duniani.

Madai hayo hayakutokana na kipimo chochote cha sauti ubongoni, wala hayakutokana na uchunguzi wa lugha za wagonjwa. Hata hivyo yalipewa heshima ya sayansi kwa miaka mingi. Lililo la kuogopa leo ni kwamba vipimo vimepatikana, na matokeo mabaya ya kipimo huaminiwa kuliko dhana tupu. Mashine ikitoa tarakimu, wachache watauliza kama tarakimu hiyo imepima kemikali au imepima irabu.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba kusikia ni kubashiri; kwamba kubashiri huko hutegemea glutamati, na uzito wa yaliyosikika hutegemea dopamini; kwamba kwa baadhi ya vijana kazi hizo huanza kulegea kabla ya ugonjwa; na kwamba vipimo vyote vya hali hiyo hubeba alama ya lugha. Mwaka 2020 jopo la taifa kuhusu afya ya akili, lililoongozwa na Frank Njenga, lilipendekeza hali ya afya ya akili nchini Kenya itangazwe kuwa janga la taifa. Basi kazi hii haiwezi kungoja.

Yako mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa idara za lugha. La kwanza ni kuandaa hojaji ya historia ya lugha ya mtu, fupi na ya kuaminika, itakayoambatana na kila kipimo cha mawimbi ya ubongo. La pili ni kurudia jaribio la Wafini na Waestonia kwa lugha zetu wenyewe: wasemaji wa Kikuyu chenye irabu saba na wa Kiswahili chenye tano, wote wazima wa afya, ili kiwango cha kawaida kijulikane kabla ya kutafutwa ugonjwa. La tatu ni kuzipitia tafsiri za hojaji zilizopo, neno kwa neno, pamoja na wauguzi na wasemaji wa mitaa husika, na kuzijaribu kwa kumwuliza kila anayejibu ameelewa nini.

Kutoka kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Nairobi hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, walipo walimu wa utabibu wa chuo hicho hicho, ni mwendo wa kilomita chache tu. Mwanaisimu anayeufunga safari huo hatakwenda kama mgeni, kwa maana fonimu na maana za maneno, ambazo amezisoma maisha yake yote, zimo tayari ndani ya kila kipimo kinachofanywa huko.